Umefunga throto mpya kwenye Nissan sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) ikapanda? Soma hii kabla hujanunua nyingine

Hii kitu ilinikuta kwenye Tiida yangu ya injini ya HR15 na najua inawasumbua sana watu wa Note, March na X-Trail, kwa hiyo naandika yote hapa. Unabadilisha throto (ule mlango wa hewa wa injini), iwe mpya iwe ya mtumba, unapiga stata gari inawaka vizuri kabisa, halafu mshale wa RPM unapanda 1500 mpaka 2000 na unaganda hapo hapo hata injini ikishapata moto, ukitia D gari inataka kuruka, kwenye foleni ukilegeza breki tu inakuvuta. Ikishachemka inatakiwa ikae kwenye 700 hivi. Asubuhi ikiwa ya baridi kupanda 1200 na kitu kisha ikashuka taratibu hiyo ni kawaida, usihangaike nayo.

Sababu kubwa ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Throto ya zamani ilikuwa imejaa masizi, hewa inapita kwa shida, basi kontroli boksi siku hadi siku ikajifunza kufungua kile kisahani cha ndani ya throto zaidi kidogo ili gari isizime. Sasa umeweka throto safi, yenyewe bado inafungua kwa kipimo kile kile cha zamani, hewa inaingia nyingi na sailensa inapanda. Ndio maana hata ukiosha tu throto bila kubadilisha unaweza kukuta tatizo hili hili. Throto haijafa jamani, haijafundishwa tu.

Lakini usikimbilie kuifundisha kabla hujahakikisha hakuna hewa ya wizi, maana kama inavuta hewa pembeni haitakubali kujifunza. Mimi nilipofungua tena nilikuta oring'i ya throto (ule mpira wa duara wa kuziba hewa) imetoka kwenye mfereji wake na kubanwa na boliti, kipande cha upana wa ukucha kimening'inia nje, na fundi alikuwa ameshakaza na kuniambia ninunue throto nyingine! Kwa hiyo fungua, futa uso wa manifoldi pale throto inapokaa mpaka uwe safi, weka oring'i mpya ikae yote kwenye mfereji, kaza boliti kwa msalaba kidogo kidogo, usikaze kwa hasira. Kisha angalia mpira mkubwa wa hewa kutoka kwenye eya klina, klampu zake, na kile kimpira cha kupumulia kinachotoka tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), hicho ndio kinasahaulika sana. Mpira wa hydrovac wa breki nao upitie. Gari ikiwa inaunguruma chukua chupa ya kupulizia maji, pulizia kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira, usiloweshe soketi za umeme, ukisikia mlio umebadilika hapo ndipo inapovuta. Wengine wanatumia kabureta klina, mimi sishauri kabisa, ikidondokea kwenye ekzosi ya moto inawaka.

Na kama throto yako ina kaskrubu kadogo pembeni kalikozibwa kwa rangi, usikaguse, kamepimwa kiwandani. Usisukume kisahani kwa kidole wala bisibisi swichi ikiwa imewashwa, mota yake ina nguvu na gia ndani ni za plastiki.

Sasa kufundisha. Betri iwe nzima, chemsha injini mpaka joto la kawaida, zima AC, taa, redio na kila kitu, usukani unyooke, gia iwe P. Zima injini, kisha anza na pedali: usiikanyage, washa swichi bila kupiga stata sekunde 2, zima sekunde 10, washa tena 2, zima 10. Kwenye kuzima huko weka sikio, utasikia throto inalia ziii kwa mbali, hiyo inatafuta mwisho wake wa kujifunga. Halafu washa swichi, hesabu sekunde 3 kamili, kanyaga mafuta mpaka chini na uachie mara 5 ndani ya sekunde 5, tulia sekunde 7 mguu ukiwa juu, kisha kanyaga mpaka chini na ushikilie. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa, endelea kushikilia, kama sekunde 20 hivi itaacha kupepesa na kubaki imewaka, hapo achia pedali ndani ya sekunde 3 na upige stata. Iache sekunde 20 bila kugusa kitu, kisha piga resi mara mbili tatu uone mshale unarudi wapi.

Ukikosea sekunde moja tu inakataa, na haikuambii kwamba imekataa. Mimi ilikubali mara ya nne, baada ya kumuweka mdogo wangu pembeni anahesabu kwa saa ya simu. Kuchomoa betri peke yake hakutoshi kwa Nissan, hiyo ni ya Toyota, ambazo nyingi ukichomoa terminali dakika chache na kuiacha iungurume zinajirekebisha zenyewe.

Ikigoma kabisa, pima kwa mashine ya kusoma kodi za makosa. P0507 ni sailensa juu tu, haikwambii kwa nini. P0171 ukiiona pamoja nayo rudi kutafuta hewa. P1225 ni tatizo kwenye throto kujifunza mahali inapojifunga, hapo ndipo mimi ningeanza kuishuku throto yenyewe, hasa ya mtumba. Na kama throto yako inapitisha maji ulipochomoa ile mipira hewa imeingia, toa hewa kwenye rejeta, kwa sababu sensa ya joto ikiwa kwenye hewa badala ya maji kontroli boksi inadhani injini bado ya baridi na inapandisha sailensa makusudi.