Namna ya Kufuatilia Maisha ya Mtu Aliyepigwa Picha Zama za Malkia Victoria

Hatua ya kwanza ni kuigeuza picha. Wengi huanza na uso, ilhali uso hautaji jina. Habari ziko nyuma ya kadi. Ishike kwenye kingo, kwa sababu picha nyingi za Uingereza za miaka ya 1860 zilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, zikabandikwa kwenye kadi ya takriban sentimita 6 kwa 10, na jasho la vidole huziharibu. Nakili kila kitu: jina la mpigapicha, mtaa wa studio, nambari, hata maandishi ya penseli yaliyofifia.

Hatua ya pili ni kukadiria mwaka. Wapigapicha walihamahama, kwa hiyo itafute studio katika vitabu vya anwani za wafanyabiashara wa mji ule, kisha uone ilikaa mtaa huo tangu lini hadi lini. Mavazi yatumie kwa tahadhari, maana gauni zuri lilivaliwa miaka mingi.

Hatua ya tatu ni kuuliza kama vitabu vya studio vimesalia. Vile vya Camille Silvy, Mfaransa aliyepiga picha katika mtaa wa Porchester Terrace, London, vimehifadhiwa National Portrait Gallery, jumba la picha za watu mashuhuri jijini London, na picha zake zina nambari. Miongoni mwake zimo za Septemba 15, 1862, za mwanamke Mwafrika mwenye gauni pana, Sarah Forbes Bonetta.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote, ni kuyafuata majina. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza England na Wales Julai 1837, na sensa ya kila miaka 10 huonyesha umri na mahali pa kuzaliwa kuanzia ile ya 1851. Lakini kumbukumbu hizo zote hupangwa kwa jina, na jina hubadilika. Sarah alitekwa na jeshi la Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, akiwa mtoto, na mwaka 1850 Ghezo, mfalme wa huko, akamkabidhi kwa Kapteni Frederick Forbes wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alimpa jina lake mwenyewe na la meli yake, Bonetta. Agosti 14, 1862, aliolewa Brighton na James Davies, mfanyabiashara wa Afrika Magharibi, na katika kumbukumbu ya ndoa likatokea jina Ina, linalodhaniwa kuwa ndilo alilozaliwa nalo. Kwa hiyo siku anasimama mbele ya kamera ya Silvy alikuwa Bi. Davies wa mwezi mmoja, na anayemtafuta kwa jina la Bonetta pekee atampoteza kabla ya maisha yake ya Lagos, na kabla ya kifo chake Funchal, kisiwani Madeira, mwaka 1880.

Mfungulie kila mtu ukurasa wake, uyaandike majina yake yote kwa mpangilio wa miaka, pamoja na aliyempa kila jina. Ukurasa wa mwanamke huyu uanze na Ina.