Jinsi Mji wa California Unavyoweza Kurekebisha Kanuni za Ujenzi za Jimbo

Mji wa California hautungi kanuni zake za ujenzi upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Jimbo hutoa mkusanyo mmoja wa kanuni, unaojulikana kwa jina la Title 24, kila baada ya miaka 3, nao hutumika katika kila mji hata kama madiwani hawajakutana kuujadili. Toleo la 2025 lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2026. Nafasi iliyoachiwa mji ni ya kukaza kifungu fulani pale ambapo mazingira ya mahali hapo yanalazimu, kukilegeza hauruhusiwi.

Kabla ya kuandika lolote, angalieni kama rekebisho lenu linaruhusiwa kwa sasa. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 hadi tarehe 1 Juni 2031, jimbo limesimamisha marekebisho mapya ya miji yanayogusa nyumba za kuishi, isipokuwa katika mambo machache, kama vile hatua za kuzikinga nyumba dhidi ya moto wa nyika, dharura za afya na usalama, na marekebisho yanayofanana kimsingi na yale ambayo mji ulikuwa nayo tayari. Majengo ya biashara na ofisi hayakuguswa na zuio hilo.

Baada ya hapo inafuata kazi ambayo, kwa maoni yangu, inastahili muda mwingi kuliko nyingine zote, nayo ni kuandika sababu. Sheria inalitaka baraza litamke waziwazi kwamba rekebisho ni la lazima kwa sababu ya hali ya hewa, ya kijiolojia au ya umbo la ardhi ya mahali hapo. Miji mingi huandika aya moja ya jumla kuhusu matetemeko na ukame, kisha huibandika chini ya marekebisho yote. Msifanye hivyo. Kila kifungu kinachobadilishwa kipewe sababu yake, na msomaji aone jinsi hali iliyotajwa inavyoleta madhara ambayo kifungu hicho kinayazuia.

Chukueni mfano wa matundu ya kupitisha hewa kwenye dari. Kuandika tu kwamba mji una hatari ya moto hakutoshi. Andikeni kwamba katika majira ya vuli upepo mkavu hushuka kutoka nyanda za ndani kupitia mabonde yaliyo juu ya mji. Kwamba upepo huo hubeba makaa madogo mbele ya moto wenyewe. Kwamba makaa hayo hupenya kwenye matundu na kuwasha mbao za paa kwa ndani, mahali ambapo mwenye nyumba hayaoni. Na kwamba kwa hiyo wavu wenye vitundu visivyozidi thumni ya inchi unahitajika hata katika mitaa ambayo ramani ya jimbo haikuiweka katika eneo la hatari. Hapo hali ya hewa, umbo la ardhi na kifungu vimeshikana.

Tetemeko la ardhi la Northridge, mtaa wa jiji la Los Angeles, la tarehe 17 Januari 1994 linafundisha jambo hilo hilo. Katika jengo moja la vyumba vya kupanga, ambalo sehemu ya chini ilikuwa na maegesho ya magari yaliyo wazi, ghorofa za juu ziliangukia ya chini na watu 16 wakafa. Los Angeles ilipopitisha mwaka 2015 sheria ndogo ya kuwalazimu wenye majengo ya mbao ya aina hiyo kuyaimarisha, udhaifu uliotajwa ulikuwa bayana: ghorofa ya chini isiyo na kuta za kutosha kuhimili mtikisiko.

Rasimu ikiwa tayari, mwanasheria wa mji aipitie, hasa kama inagusa nishati. Vifungu vya nishati huhitaji pia idhini ya Tume ya Nishati ya jimbo, na sheria ya shirikisho inaweza kuvibatilisha: katazo la mji wa Berkeley la mwaka 2019 kuhusu mabomba ya gesi katika majengo mapya lilikataliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwaka 2023.

Barazani, sheria ndogo husomwa mara ya kwanza, tangazo la kikao cha wananchi hutolewa, wananchi husikilizwa, kisha hupigiwa kura katika kikao kingine. Kwa kawaida huanza kutumika siku 30 baada ya kupitishwa. Miji yenye katiba yake inaweza kuwa na utaratibu tofauti kidogo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Nakala ya sheria ndogo pamoja na sababu zake lazima iwasilishwe kwa Tume ya Viwango vya Ujenzi ya California, na kabla ya hapo rekebisho halina nguvu, hata kama wakaguzi wa majengo wameshaanza kulidai kwa waombaji wa vibali. Itunzeni nakala hiyo vizuri, kwa kuwa toleo jipya la jimbo likitoka, marekebisho ya zamani hayahamii humo yenyewe, na baraza litalazimika kuyapitisha tena pamoja na sababu zake.