Jinsi ya kufundisha Marekani ilivyopasuka kwa ajili ya utumwa: ramani, nyuzi nne na wembe

Walimu wenzangu wa history, na nyie wa HGL na HKL (michepuo ya history ya kidato cha tano na sita) mnaojisomea wenyewe, hii topiki ya vita ya wenyewe kwa wenyewe Marekani tunaikaririsha mno. Kaskazini viwanda, Kusini pamba, wakapigana, basi. Mimi nimefundisha hivyo miaka kadhaa na kila nikisahihisha nakuta ushuru wa bidhaa umewekwa pointi ya kwanza, utumwa uko huko pointi ya nne, na naumia kweli maana wakati ule kulikuwa na watu karibu milioni 4 wanaouzwa na kurithishwa kama mifugo. Nikabadilisha. Sasa hivi nafanya hivi, vipindi viwili vinatosha.

Hatua ya 1: Anza na kitambaa

Nunua kipande cha merikani dukani, kile cheupe kisichotiwa rangi. Waulize kwanini kinaitwa hivyo. Kilikuja Zanzibar na meli za Marekani, konseli wao alishafika hapa tangu 1837, kikauzwa mpaka bara huko kwa kubadilishana na pembe za ndovu. Kimefumwa viwanda vya Massachusetts, Kaskazini, ila pamba yake imechumwa na watumwa wa Kusini, na kule Unguja kilikoshushwa nako watumwa wanachuma karafuu. Kipitishe mkono kwa mkono darasa zima. Hapo tayari wameshaelewa kwamba Kaskazini nayo ilikula kwenye utumwa, na bila hilo hatua ya 3 haitaeleweka.

Hatua ya 2: Ramani

Chora majimbo kwenye manila, penseli za rangi mbili, moja ya majimbo ya utumwa na moja ya majimbo huru. Mwaka 1819 ni 11 kwa 11. Waelezee kwamba kila jimbo lina maseneta wawili bila kujali ukubwa, kwa hiyo jimbo jipya likiingia mizani inalala upande mmoja, ndio maana Missouri ilipoomba kuingia na utumwa wake wakaiingiza pamoja na Maine iliyo huru, wakachora mstari wa 36°30', kaskazini yake utumwa marufuku isipokuwa Missouri yenyewe, makubaliano ya 1820. Halafu ruka mpaka 1850, California imeingia huru, 16 kwa 15. Usikae sana hapa.

Hatua ya 3: Nyuzi (hii ndio yenyewe, ipe nusu saa)

Wanafunzi wawili wasimame mbele, mmoja Kaskazini mmoja Kusini, kati yao funga nyuzi nne: makanisa mawili, Wamethodisti na Wabaptisti, na vyama viwili vikubwa vya wakati ule, chama cha Whig na chama cha Democratic. Waambie nchi ilikuwa imeshikwa na hivi vitu, yani mtu wa Georgia na mtu wa New York walikuwa chama kimoja na wanampigia mgombea mmoja, ugomvi wao ni benki na ushuru. Sasa chukua wembe.

1844 Wamethodisti, kata. Waligombana kuhusu askofu mwenye watumwa. 1845 Wabaptisti, kata. Makanisa yalitangulia kabla ya siasa, wanafunzi hushangaa sana hapo.

1846 usikate, legeza. Mbunge wa Pennsylvania, David Wilmot, alitaka utumwa usiingie kwenye ardhi yoyote itakayochukuliwa Mexico, na kura bungeni zikafuata mtu anatoka wapi, chama kikawekwa pembeni. Ikapita Baraza la Wawakilishi, Seneti ikagoma.

1850, sheria ya watumwa waliotoroka. Hapa nyamazisha darasa. Ofisa anayesikiliza kesi analipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani, dola 5 akimwachia, na mtuhumiwa haruhusiwi kujitetea kwa ushahidi wake. Mtu wa Boston aliyekuwa anasema utumwa ni mambo ya Kusini sasa anaona binadamu anaburuzwa mtaani kwake, na sheria inamtaka asaidie kumkamata. Chama cha Whig huko Massachusetts kilikuwa tayari na makundi mawili, wa pamba na wa dhamira (hawa walipinga utumwa), wale wa pamba ndio wenye viwanda vya kile kitambaa (warudishie macho kwenye kitambaa).

1854 kata uzi wa Whig. Seneta Stephen Douglas wa Democratic alipitisha sheria ya Kansas na Nebraska, ule mstari wa 1820 ukafutwa, walowezi waamue wenyewe kwa kura kama utumwa uwepo, na Kansas ikageuka uwanja wa damu. Whig wakasambaratika, chama cha Republican kikazaliwa, na hicho Kusini hakina uzi kabisa.

Seneta Sumner, mpinga utumwa, kupigwa fimbo ndani ya Seneti 1856, hukumu ya Dred Scott 1857 (Mahakama Kuu ilisema mtu mweusi si raia), John Brown kujaribu kuwaasisha watumwa 1859, zitaje, ila usiache hadithi ya fimbo imalize kipindi maana wataipenda.

Aprili 1860, Charleston, mkutano wa Democratic, wajumbe wa Kusini wanatoka nje. Kata wa mwisho. Mwachie mwanafunzi akate mwenyewe.

Hatua ya 4: Kura za 1860

Andika ubaoni kura za wajumbe wa majimbo (electoral votes), ndizo zinazochagua rais: Lincoln (Republican) 180, Breckinridge (Democratic wa Kusini) 72, Bell (Constitutional Union) 39, Douglas (Democratic wa Kaskazini) 12. Lincoln alipata kama asilimia 40 tu ya kura za wananchi, na majimbo mengi ya Kusini hata karatasi ya kumpigia haikuwepo. Waulize alishindaje, wataangalia nyuzi zilizolala chini watajibu wenyewe.

Hatua ya 5: Asilimia

Kipindi cha pili wape asilimia ya watumwa kwa kila jimbo, sensa ya 1860, bila tarehe: South Carolina 57, Mississippi 55, Louisiana 47, Alabama 45, Florida na Georgia 44, North Carolina 33, Virginia 31, Texas 30, Arkansas 26, Tennessee 25, Kentucky 20, Maryland 13, Missouri 10, Delaware 2. Wakisie, Lincoln aliposhinda, nani alijitenga na Marekani kwanza na nani hakujitenga. Kisha toa majibu: South Carolina tarehe 20 Desemba 1860, sita wakafuata kabla Februari 1861 haijafika tarehe 2, Virginia na wenzake watatu (North Carolina, Arkansas, Tennessee) walisubiri mpaka Fort Sumter, ngome ya serikali kuu huko Charleston, ishambuliwe Aprili, wale wanne wa mwisho walibaki.

Atatokea mmoja atauliza mbona Texas iliwahi kuliko Virginia wakati asilimia yake ni ndogo. Usimjibu, mpe iwe homework.