Ukitaka Kurusha Mpira wa Kasi, Anza na Miguu

Kila likizo ya Agosti hakosi kijana anayekuja kwenye nyavu zetu za mazoezi hapa Nakuru, ameushika mpira wa kriketi kama jiwe la kuangulia maembe, na swali lake ni lile lile: "Kocha, nitafikaje kilomita 140 kwa saa?" Mimi humwambia auweke mpira chini kwanza, tutafute hatua zake za kukimbilia kabla ya kurusha. Wengi hununa.

Hatua hutafutwa hivi. Simama kwenye mstari wa kurushia, umpe mpigaji mgongo, kisha kimbia kuelekea mpakani mwa uwanja. Mwili ukitaka kuruka, ruka, urushe. Mwenzako aweke alama pale mguu wako wa mbele ulipotua. Rudia hadi alama zikaribiane, upime umbali huo kwa nyayo zako. Hapo ndipo utakapoanzia mbio siku zote. Anza taratibu, uongeze kasi kadiri unavyosogea. Anayetoka mbio za mita mia hufika kwenye mstari pumzi imemwishia.

Sheria ni chache. Mguu wa mbele ukitua, angalau sehemu yake moja iwe nyuma ya mstari, hata kama ni kisigino kilichoinuka. Wa nyuma usiguse mstari wa pembeni. Unaporusha, kiwiko kisinyooke zaidi ya nyuzi 15.

Kuhusu mshiko: vidole viwili juu ya mshono, dole gumba chini, na nafasi ndogo kati ya mpira na kiganja. Ng'arisha upande mmoja kwa jasho. Mate yalipigwa marufuku kabisa 2022. Mpira usiochakaa sana hupinda hewani kuelekea upande usiong'aa, ila hapa kwetu, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na haupindi sana. Ukishuka Kisumu utaona tofauti. Kwa hiyo, kijana wa Nakuru, jifunze kulenga. Tandaza gazeti kama mita saba kutoka vijiti vya mpigaji, ulipige hilo gazeti hadi lichanike.

Sasa mgongo, na hapa sicheki na mtu. Mrushaji akitua, uzito mwingi mno hushukia mguu wa mbele na kupanda hadi kiunoni. Nyonga zikitazama kando huku mabega yakitazama mbele, mifupa ya chini ya mgongo inasokotwa, na hatimaye hupata ufa. Dennis Lillee wa Australia alivunjika mgongo hivyo 1973. Akakaa nje, akaubadilisha urushaji wake, akarudi kuwasumbua wapigaji miaka mingine kumi. Kwa hiyo mvulana wa miaka 15 kwangu harushi zaidi ya ova tano (ova moja ni mirusho sita) kwa mkupuo, hata baba yake akija kunigombeza. Maumivu ya upande mmoja wa kiuno yasiyoisha usiku kucha si ya kupakwa dawa ya kuchua. Pumzika, umwone daktari.

Tabia naitazama mpira wako ukishapigwa hadi mpakani, mpigaji akapata pointi nne. Ukirudi kwenye alama yako kwa mwendo ule ule, nitakupa ova nyingine. Ukimfokea mwenzako aliyedondosha mpira, nenda ukasimame mpakani. Thomas Odoyo hakuwa na kasi ya kutisha, lakini aliichezea Kenya kuanzia Kombe la Dunia la 1996 hadi lile la 2011. Ila usiache shule kwa sababu yake: kriketi yetu hailipi kodi ya nyumba, na waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 watakwambia hivyo hivyo.

Viatu: nyavu zetu ni za saruji, kwa hiyo njumu ziache nyumbani. Raba za mitumba zinafaa, mradi kisigino hakijabonyea na soli haitelezi. Nunua zilizo kubwa kidogo kuliko mguu wako, uvae soksi mbili, maana vidole vya mguu wa mbele hugonga ncha ya kiatu kila unapotua, na kucha zitakuwa nyeusi kabla ya Krismasi.