Kuchambua mhusika: sifa, ushahidi na ukuaji wake

Majibu mengi ya uhakiki wa wahusika huanguka mahali pamoja. Mwanafunzi anaorodhesha sifa saba, pengine zote za kweli, lakini hasemi zinaonekana wapi wala lini. "Rosa ni mtiifu." Lini? Katika *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi (1971), Rosa anayeishi chini ya ukali wa baba yake Zakaria kule Ukerewe si yule tunayemkuta baadaye akisoma mbali na nyumbani. Ukiandika "mtiifu" bila kuonyesha ni hadi lini, umetoa nusu ya jibu, na msahihishaji ana haki ya kukupa nusu ya alama.

Soma kitabu mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, chora safu nne daftarini: ukurasa, tukio au maneno, nani anatuambia, na sifa inayojitokeza. Safu ya nne iache wazi mpaka umalize sura. Ukiijaza papo hapo utajikuta unatafuta ushahidi wa kile ulichokwisha kuamua, na yale yanayokupinga utayaruka. Kwa mhusika mkuu wa riwaya, matukio 15 hadi 20 yanatosha. Kwa mhusika msaidizi, matano au sita.

Safu ya tatu ndiyo inayopuuzwa, nayo ndiyo yenye faida kubwa. Msimulizi akisema bibi fulani ni mchoyo, hayo ni maelezo. Bibi mwenyewe akifunika sufuria na kuisukuma uvunguni anaposikia hodi, hilo ni tendo. Jirani akisema "yule mchoyo", hiyo ni kauli yenye mwenyewe, na lazima uulize jirani ana kisa gani naye. Msimulizi wa nafsi ya kwanza naye ni mhusika: ana ya kuficha na ya kujitetea, usimwamini bure. Tendo likigongana na kauli, shika tendo, lakini mgongano wenyewe uandike. Mara nyingi hapo ndipo unafiki wa mhusika unapojitokeza, au namna anavyojidanganya.

Kabla ya kuandika sifa, jiulize: mtu asiye na sifa hii angeweza kufanya jambo hilo hilo? Mwenye duka anamrudishia mteja chenji iliyozidi, na diwani amesimama pembeni. Ni mwaminifu? Huenda anajipendekeza. Tafuta tukio la pili ambapo hakuna anayemtazama. Usipolipata, andika kwamba uaminifu wake unaonekana hadharani tu. Hiyo ni hoja nzuri kuliko "mwaminifu" kavu.

Umaskini, uyatima na ujane ni hali, si sifa. Sifa ni namna mhusika anavyoichukua hali hiyo: kwa subira, kwa kinyongo, kwa hila. Vilevile usichanganye sifa na umuhimu. "Ni katili" ni sifa; "anatumiwa na mwandishi kuonyesha malezi ya mabavu" ni umuhimu, yaani dhima yake katika kazi. Swali likiuliza kimoja, cha pili hakikuletei alama hata ukiandika ukurasa mzima. Na maneno kama "mzuri" na "mbaya" yaache kabisa.

Sasa ukuaji. Njia ya uhakika ni kutafuta hali mbili zinazofanana, moja mapema na nyingine baadaye, ukalinganisha mhusika anavyozipokea. Chukua mfano huu wa kutunga. Sura ya pili, mjomba anamtukana Sudi mezani. Sudi anaendelea kumenya chungwa lake bila kuinua macho. Sura ya tisa, meza ni ile ile na tusi ni lile lile. Safari hii Sudi anaweka kisu chini, chungwa likiwa limemenywa nusu, na kumtazama mjomba mpaka mjomba anaomba chumvi. Hakuna aliyetuambia kwamba Sudi amekuwa jasiri. Rudi sasa kwenye sura zilizo katikati utafute kilichomgeuza: katika sura ya sita aliona hati ya shamba ikiwa na jina la marehemu baba yake. Hapo una mwanzo, kichocheo na matokeo. Kikikosekana kichocheo, chunguza vizuri: ama umekiruka, ama mwandishi amemgeuza mhusika kwa nguvu ili hadithi iishe, na hilo nalo ni la kuhakiki.

Kichocheo kisiwe cha juujuu. Kusema Rosa aliharibiwa na marafiki, ukaishia hapo, ni kumwachia Zakaria apite bila kuulizwa. Barua ya mapenzi ya kijana Charles inamletea Rosa kipigo cha baba. Hafundishwi namna ya kuishi na wavulana, anafundishwa kuwaogopa. Hofu hiyo inategemea kuwapo kwa baba. Akiwa mbali naye, haina tena cha kuishikilia. Ukijenga hoja hivyo, mabadiliko ya Rosa yanamwonyesha Zakaria pia.

Si kila mhusika hukua, na kutokukua si kasoro. Katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert (1951), majina yenyewe ni majazi, yaani yanataja sifa ya mwenye jina: Majivuno anashtaki, Karama anajitetea. Hao ni wahusika bapa, yaani wasiobadilika, kwa sababu kazi ni ya mafumbo na kila mmoja amebeba wazo. Ukimlazimisha Karama "akue" utatunga uongo. Afadhali ufuatilie hoja zake zinavyowaathiri wanaomsikiliza barazani. Mhusika duara, yaani anayebadilika, ndiye wa kumpima kwa jaribio la hali mbili.

Kwenye kuandika, hoja moja iwe na sifa, tukio, na maelezo ya uhusiano wao, kwa sentensi mbili au tatu: "Mwanzoni Sudi ni mnyenyekevu kwa woga. Mjomba anapomtukana mezani haoni la kufanya ila kumenya chungwa, kwani anaamini anaishi nyumbani humo kwa hisani." Tumia wakati uliopo. Usitumie tukio moja kuthibitishia "mkarimu" na "mwenye utu". Hizo zitahesabiwa hoja moja. Sifa mbili zinazopingana, kama woga na ujasiri, unaruhusiwa kuzitaja mradi useme kila moja inajitokeza wapi.

Kwa mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, karatasi ya Fasihi (102/3) ina alama 80 kwa saa mbili na nusu, na unajibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Hiyo ni kama dakika 37 kwa swali, kwa hiyo lenga 35 ubakize za kupitia. Swali la dondoo, yaani linalonukuu maneno ya kitabu, likitaka muktadha kwa alama nne, toa msemaji, msemewa, mahali na kilichosababisha maneno hayo, kisha uende kwenye sifa. Kusimulia kisa kizima pale ndiko kunakowamalizia wengi muda.