Namna ya kuwatafsiria watu muvi ya Incendies laivu bila kuwachomea mwisho

Mama yangu hasomi sabutaito, na kwenye muvi hii watu wanaongea Kifaransa na Kiarabu, kwahiyo Jumamosi tukiwasha projekta ukutani kwetu Igogo, Mwanza, mtafsiri ni mimi. Za ngumi nishatafsiri kibao ila hii ndo ilinitoa jasho.

Iangalie kwanza peke yako, mara mbili, japo ni dakika kama 130. Ni ya Denis Villeneuve, 2010, imetokana na mchezo wa jukwaani wa Wajdi Mouawad. Mapacha Jeanne na Simon wanaishi Canada, mama yao Nawal kafariki, wakili anawaita anawapa bahasha mbili, moja ya baba yao ambaye wao walijua kashakufa zamani, nyingine ya kaka ambaye hata kumsikia hawajawahi. Na marehemu kaacha wosia azikwe uchi, kifudifudi, bila jeneza, na kaburi lisiandikwe jina mpaka barua zifike. Hapa bonyeza pozi. Sitanii, mashangazi wataanza "we! mzazi gani huyo" na ukiendelea hamna atakayekusikia, waache wamalize kwanza.

Kazi kubwa ni wakati. Muvi inaruka, mara Nawal akiwa binti, mara Jeanne miaka mingi baadaye anapita kulekule alikopita mama yake, na wanavyofanana mtu akienda tu kuchukua karanga akirudi kapotea. Mimi kila picha ikibadilika naanza na neno moja tu, "mama" au "mtoto", ndo naendelea. Na yale maandishi makubwa mekundu yasome kwa sauti, usiyaruke.

Vita usiieleze sana. Nchi haitajwi jina, ila inafuata ya Lebanon, 1975 mpaka 1990, Wakristo, Waislamu, wakimbizi wa Kipalestina, vijana wenye bunduki barabarani. Nilisema hayo tu, mama akadakia, "kumbe kama 1994, zile maiti za Rwanda zilivyoletwa na mto Kagera mpaka ziwani, samaki tukawa tunawaogopa." Uwanja mzima kimya. Sikuwa na cha kuongeza na wala haikuhitajika.

Watoto walale mapema, kuna gereza na kuna ubakaji. Ikifika sehemu ya basi funga mdomo kabisa, hamna cha kutafsiri pale, macho yanatosha. Ah na umeme, ukikatika katikati usikubali kuwasimulia kilichobaki hata wakubembeleze vipi, kuna binamu yangu alifanya hivyo, mpaka leo hatujamrudishia maiki.

Sauti yako nayo inachoma. Ukishajua mwisho unaanza kusema jina la mtu fulani kwa uzito na wajanja wanashtuka, kwahiyo siku hiyo sema kila kitu kizembe tu kama unasoma bei za dagaa sokoni Kirumba.

Halafu karibu na mwisho Simon anamuuliza dada yake swali la hesabu, hesabu ya darasa la kwanza kabisa. Litafsiri neno kwa neno, usiongeze "yaani", usieleze, hesabu mpaka kumi kimoyomoyo. Mama ndo alielewa wa kwanza. Hakusema kitu, aliweka kikombe chini akavuta khanga akajifunika mabega, na joto lilikuwepo.