Kabla hujasaini lizi ya gari ya kifahari Marekani, piga hesabu hii mwenyewe

Kuna kitu kinanishangazaga sana kwa sisi Waswahili tulioko Marekani. Mtu huyohuyo ambaye Kariakoo anabishania khanga mpaka mwenye duka anachoka, akiingia shorumu ya BMW au Lexus huku akapewa kahawa na kiti cha ngozi basi anakuwa mpole, anasaini lizi aliyowekewa mezani, yaani mkataba wa kukodi gari kwa miaka kadhaa. Jamani, bei inabishaniwa! Ile stika ya bei ya kwenye kioo ipo kwa sheria ya 1958 lakini namba iliyoandikwa pale ni pendekezo la kiwanda tu, dila, yaani mwenye shorumu, anaweza kushuka chini yake, na gari ikiwa na wateja wengi anaweza hata kupanda juu yake.

Cha kwanza kabisa, usikubali mazungumzo yaanzie kwenye malipo ya mwezi. Muuzaji atakuuliza kwa upole tu, "ungependa kulipa ngapi kwa mwezi?", halafu anachukua karatasi anaigawa vyumba vinne: bei ya gari, thamani ya gari yako ya zamani, kianzio, na malipo ya mwezi. Ukitaja dola mia saba atakuletea mia saba kweli, ila hapo ameshakurefushia miezi au kakuongezea kianzio au kakupunja kwenye gari yako ya zamani, na wewe unatoka unafurahi. Mwambie tumalize bei ya gari kwanza, hayo mengine baadaye. Gari yako ya zamani usiitaje kabisa mpaka bei ya mpya imeandikwa, na kabla ya hapo ipitishe CarMax, kampuni inayonunua magari yaliyotumika, wakupe ofa, ofa yao inakaa siku 7, kwa hiyo dila akikupa pungufu unajua pa kuipeleka.

Sasa kwenye lizi ndio watu wanaliwa zaidi, kwa sababu hawaijui hesabu yake. Vitu ni vitatu tu. Kuna bei mliyokubaliana, kuna thamani ambayo benki inayokukodisha gari inasema gari itabaki nayo mwisho wa mkataba, na kuna mani fakta ambayo ni riba iliyofichwa kwenye namba ndogo, ukiizidisha mara 2400 unapata riba ya mwaka. Tuseme stika ni dola 60,000, mkataba wa miezi 36, benki imesema itabaki asilimia 60 yaani 36,000, na wewe umebishana mpaka bei imefika 55,200. Toa 36,000 inabaki 19,200, gawa kwa 36 unapata 533. Halafu jumlisha 55,200 na 36,000 ni 91,200, zidisha na mani fakta ya 0.0020 (riba ya asilimia 4.8 hiyo) unapata 182. Jumla kama 716 kwa mwezi kabla ya kodi na ada. Ungekubali bei ya stika ungelipa kama 859, yaani zaidi ya dola 5,000 zimekutoka kwa miezi 36 kwa sababu ya aibu tu.

Ile thamani ya mwisho inapangwa na benki, hiyo usipoteze muda kubishana nayo. Mani fakta ndio ya kuangalia, maana benki inatoa namba yake na dila anaruhusiwa kuongeza cha juu, na sheria haimlazimishi kukuonyesha hiyo namba. Akiipandisha toka 0.0020 mpaka 0.0025 kwenye mfano wetu ni dola 45 na ushee kila mwezi, zaidi ya 1,600 mpaka mwisho, na hutaona popote pameandikwa. Kwa hiyo ingia kwenye jukwaa la tovuti ya magari ya Edmunds uulize, taja modeli, miezi, maili utakazoendesha kwa mwaka na zip code yako, wanakupa mani fakta na thamani ya mwisho za mwezi huo. Ukimtajia muuzaji namba yenyewe mazungumzo yanabadilika hapohapo. Anayenunua kwa mkopo naye mchezo ni uleule, riba inaongezwa cha juu, kwa hiyo nenda na barua ya mkopo kutoka kredit yunioni yako (chama chako cha akiba na mikopo) mkononi.

Bei yenyewe usiibishanie shorumu. Kaa nyumbani, chagua gari ileile, rangi na vifaa vilevile, andikia madila matano au sita imeili fupi, waulize bei kabla ya kodi, mani fakta, na orodha ya ada zote. Wengine watakujibu "njoo tuongee", achana nao. Atakayekutumia namba kamili, ipeleke namba yake kwa mwenzake umuulize kama atashuka zaidi. Mwisho wa mwezi wengi wanakuwa wanakimbizana na malengo ya mauzo, na ulizia pia zile gari walizokuwa wanawaazima wateja wa sevisi, zina maili chache na punguzo lake ni kubwa.

Kianzio kikubwa kwenye lizi mimi siungi mkono hata kidogo. Gari ikigongwa ikafa mwezi wa pili, bima inalipa mwenye gari ambaye ni benki, na hela yako uliyotanguliza ndio imeenda. Matangazo ya malipo madogo ya mwezi soma maandishi madogo ya chini, mara nyingi wanataka maelfu siku ya kusaini.

Mkishakubaliana unapelekwa ofisi ya fainansi, na hapo ndio usichoke sasa. Watakuuzia ulinzi wa matairi, wa rangi, na gap (bima ya kufidia deni linalobaki gari ikifa) ambayo kwenye lizi nyingi za gari za kifahari inakuwemo ndani tayari, kwa hiyo soma mkataba kabla ya kuilipia tena. Tafuta mstari wa bei ya gari iliyoingizwa kwenye mkataba, ulinganishe na imeili. Usiamini habari ya kurudisha ndani ya siku 3, ile kanuni ya serikali kuu haihusu gari uliyoinunua kwa dila. Na maili chukua za maisha yako ya kweli, kama unaendesha sana au unafanya kazi mbali usisaini 10,000 kwa mwaka, kila maili ya ziada ni kama senti 25 au 30, ukipitiliza kwa maili 9,000 unadaiwa zaidi ya dola 2,000 siku ya kurudisha gari.